Sifuri Kabla ya Kitwe

Anayepiga simu nje ya nchi kutoka Tanzania huanza na sifuri tatu. Anayepiga kutoka Zambia huanza na sifuri mbili, na anayepiga kutoka Marekani huanza na sifuri, moja, moja. Baada ya hapo huja namba ya nchi inayopigiwa, kisha namba ya mji, na namba hiyo ya mji hupigwa bila ile sifuri ambayo wenyeji wa nchi hiyo huitanguliza wanapopigiana wenyewe kwa wenyewe. Kanuni yenyewe haizidi hapo. Niliwahi kuiandika kwa mistari miwili, nikaibandika ukutani katika duka moja mjini Tukuyu, na ni mistari hiyo miwili iliyonivunjia nyumba.

Msimamizi wa tasnifu yangu huniambia kwamba nina tabia ya kufafanua jambo hadi likafa. Sura yangu ya pili imekaa mezani tangu masika, na kila nikiishika naishia kusahihisha tanbihi. Kwa hiyo nimeamua kwanza kuliandika hili, kwa mpangilio wake, ili walau jambo moja maishani mwangu liwe limekamilika.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, na nilikaa kwa wakwe zangu Ikuti, katika nyumba ambayo mume wangu aliijenga kwa matofali ya kuchoma akaiacha kabla haijapigwa lipu. Alikuwa fundi wa mitambo. Kiwanda alichofanyia kazi kilipouzwa kwa mtu binafsi, kama vilivyokuwa vikiuzwa vingine miaka ile, alipunguzwa pamoja na nusu ya wenzake. Alikaa nyumbani miezi minane akipogoa migomba ambayo haikuhitaji kupogolewa, kisha akavuka mpaka wa Tunduma na kupata kazi katika karakana moja mjini Kitwe. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nimegundua kwamba nikilichelewesha huwa silisemi.

Uchumi ule ule uliomfukuza kazini ndio uliotuletea simu ya kumtafutia. Zamani Tukuyu nzima ilipiga simu posta, kwa kupanga foleni na kujaza fomu. Soko lilipofunguliwa, mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu, muuza vitambaa na mchele aliyeheshimika mjini, alijipatia laini yake, mashine ya faksi na kimita kidogo cha kuhesabia dakika. Akatenga kona ya duka kwa ubao laini, akaweka meza, kiti na simu, na kupiga simu kukawa ni kuingia dukani tu kama anayenunua kanga.

Kilichomsumbua ni namba za nchi. Watu walikuja na vipande vya karatasi kutoka kila upande: Lilongwe, Lusaka, Johanesbagi, Gaborone, na kila mmoja aliamini kwamba namba zote duniani hupigwa kama anavyopigwa mjomba wake wa Mbeya. Akaniomba nimtengenezee jedwali. Nikampigia chapa kwa taipureta ya shule, safu tatu, nchi hamsini na moja. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyopaswa. Nilikaa nayo jioni tatu nikiitazama kama mtu anayetazama ukoo. Kenya 254, sisi 255, Uganda 256, Burundi 257, Msumbiji 258: majirani waliopanga mstari kama wanafunzi gwaridani. Zambia 260 na Malawi 265. Rwanda peke yake huko nyuma kwenye 250, kana kwamba alifika mapema akakalishwa pembeni. Kisha Marekani, yenye moja tu, tena inayogawana na Kanada, na Urusi yenye saba yake. Nilijiuliza ni nani aliyekaa mezani akaona kwamba wakubwa wabonyeze tarakimu moja na sisi tatu. Nilijiuliza pia kwa nini sisi, tusio na mengi ya kupeleka nje, tutoke kwa sifuri tatu ilhali Mzambia anatoka kwa mbili. Mwenye duka aliniambia, “Mwalimu, mimi nilitaka orodha, wewe umeniletea malalamiko.” Tukacheka.

Chini ya jedwali niliongeza mistari miwili, kwa herufi kubwa: NAMBA YA MJI HUPIGWA BILA SIFURI YA MWANZO. MSIIONGEZE HATA KAMA IMEANDIKWA KWENYE KARATASI YENU.

Sasa nieleze kuhusu baba mkwe, na hapa sina budi kueleza mwiko, maana asiyeujua ataniona mpumbavu kuliko nilivyokuwa.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana humwepuka baba mkwe wake. Wenyewe huita ukutila, yaani kuogopa. Hamtazami usoni, hakai chumba kimoja naye, hamsemeshi, na akimwona anakuja njiani huingia migombani mpaka apite. Katika familia nyingi za Kikristo desturi hii ilikwisha kulegea tangu zamani. Walimu wenzangu walioolewa walikula meza moja na wakwe zao. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu msafi, anayejua kusoma, aliyekwisha kuacha karibu kila kitu cha babu zake. Hiki kimoja alikishika. Nadhani alikishika kwa sababu hakikumgharimu kitu. Kila kilichohitajika kufanywa, nilikifanya mimi. Mimi ndiye niliyesikiliza kikohozi chake ili nijue anapitia wapi nami nipitie wapi. Katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kumsikia akinitaja kwa jina, na nilimfahamu zaidi kwa mgongo na kwa kofia.

Tulikuwa tukizungumza kupitia mama mkwe. “Mwambie mkamwana maji ya kuoga yamepoa.” “Mwambie baba naongeza kuni.” Wakati mwingine ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa matete, nikasikia kila neno, na bado nilisubiri mama aingie aniambie nilichokwisha kukisikia. Mama aliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Alijua kuchukua neno lenye kona akalifikisha likiwa mviringo.

Mwaka huo nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Chuo kilitaka jibu langu kabla ya mwezi kwisha. Nilimwandikia mume wangu, naye akajibu kwa barua ya kurasa mbili kwamba niende. Nikampa mama barua, mama akampa baba. Baba akaisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

“Karatasi haina mdomo,” alisema. Nilikuwa jikoni, ukuta mmoja tu. “Karatasi inaweza kuandikwa na yeyote, hata na anayefaidika nayo. Mwanangu nataka anitamkie mwenyewe. Akisema aende, ataenda. Asiposema, mke wa mtu hakai Dar es Salaam miaka miwili.”

Mama akaja jikoni. “Baba yako anasema angefurahi kumsikia mtoto kwa simu.”

Basi likawa ni suala la simu. Mume wangu mwenyewe asingeweza kutupigia. Alikuwa akipiga dukani kila mwezi, hadi namba za simu za miji ya nchi yetu zilipopangwa upya na mkoa wa Mbeya ukawa 025. Yeye akabaki akiita kwa ile ya zamani na kupokewa na ukimya. Nilimtumia namba mpya kwa barua, lakini barua kati ya Kitwe na Ikuti ilikwenda kama inayochunga ng’ombe. Tulichokuwa nacho ni ratiba aliyoipanga katika ile barua ya kurasa mbili: kila Ijumaa, saa sita mchana, karakana hufunga kwa chakula, naye angekuwa amekaa kando ya simu ya ofisi hadi saa saba.

Saa sita ya Zambia ni saa saba yetu. Hilo nililihesabu. Nilihesabu mwendo wa kutoka Ikuti, nikaongeza muda wa matope, nikahesabu dakika za kimita. Kwa mama nilipeleka maneno kwamba baba asiwe na wasiwasi, mwenye duka atampigia, ni mzoefu. Kitu kimoja tu sikukihesabu: kwamba saa saba ya Ijumaa mwenye duka angekuwa msikitini. Nilifundisha Tukuyu miaka sita, nikamsikia mwadhini kila Ijumaa.

Tulifika mvua ikinyesha, ile ya Tukuyu isiyo na haraka. Baba alitangulia na mwavuli, mama katikati, mimi hatua ishirini nyuma. Dukani alikuwepo mke wa mwenye duka, mama mcheshi wa mjini, akipima kitambaa cha mtu kwa mkono wake.

“Karibuni, karibuni wazazi. Mzee ameenda swala. Simu ipo, kimita nakisoma mimi.”

“Atarudi lini?” aliuliza baba.

“Akishaswali. Na akishamaliza kusalimiana, ambayo ndiyo swala ndefu zaidi.”

Baba hakucheka. Aliingia kwenye ile kona ya ubao laini, akaketi, akatoa barua ya mwanawe mfukoni. Mimi nilibaki nje, chini ya bati la kibaraza, mgongo kwa mlango. Mama akasimama kizingitini, mahali pake palipozoeleka, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

“Mwalimu, ingia bwana, utaloa!” mke wa mwenye duka aliniita.

“Nipo sawa, mama.”

“Sawa gani na maji yanakuchirizika shingoni? Au umegombana na kiti changu?”

Mama mkwe alimwambia jambo kwa sauti ya chini. “Ahaa,” mwanamke akasema, “samahani, mambo yenu. Kwetu mkwe tunamlisha hadi anashindwa kutembea.”

Kisha nikasikia kitufe kikibonyezwa. Nilizijua sauti zake, kila namba na mlio wake. Sifuri, sifuri, sifuri. Mbili, sita, sifuri. Alikuwa akifuata jedwali langu kwa kidole. Nilisikia karatasi ikikwaruzwa. Halafu akaihamia barua, na katika barua mume wangu alikuwa ameandika namba ya ofisi kama inavyoandikwa kwao, sifuri, mbili, na kuendelea. Nikasikia ile sifuri ikiingia.

Hakuna kilichoita. Akarudia. Sifuri ikaingia tena.

“Mama,” nilisema nikitazama barabara, “mwambie baba aache ile sifuri kabla ya mbili.”

Mama akageuka ndani. “Mume wangu, eti ile sifuri, haiwezekani labda ikapumzishwa?”

“Ipi?”

“Ile ya mbele.”

“Mbele ziko sifuri tatu.”

Mama akarudi kwangu. “Anauliza ipi.”

“Siyo zile tatu. Ile iliyo kwenye barua.”

“Eti iliyo kwenye barua,” alimfikishia.

“Iliyo kwenye barua ameiandika mwanangu kwa mkono wake,” alisema baba. “Mimi nilifika Kitwe kwa lori na kwa miguu, simu haijafika Tukuyu, na hakuna hatua niliyoruka. Kwa nini nimrukie mtoto sifuri yake?”

Mke wa mwenye duka akaingilia, na nia yake ilikuwa njema. “Lakini mzee, si imeandikwa hapo ukutani? Hapo chini, herufi kubwa.”

Nilifumba macho. Kulikuwa na kimya cha mtu anayesoma. Nilijua urefu wake kwa sababu nilijua urefu wa mistari ile: NAMBA YA MJI HUPIGWA BILA SIFURI YA MWANZO. MSIIONGEZE HATA KAMA IMEANDIKWA KWENYE KARATASI YENU.

“Nani aliyeandika hivi?” baba aliuliza.

“Si mwalimu mwenyewe! Mkamwana wako huyo hapo nje. Kichwa hicho, mzee, mnacho nyumbani mnakichezea.”

Sijawahi kujua kama yule mama alitambua alichokifanya. Mimi nilitambua. Kwa miaka sita nilikuwa sijamtamkia baba neno, na sasa, kumbe, nilikuwa nimemwandikia. Tena amri, tena kwa herufi kubwa, tena mbele ya watu wanaonunua mchele.

“Kwa hiyo,” alisema polepole, “leo nasomeshwa na mkamwana. Ukutani.”

“Hakuwa anakuandikia wewe,” mama alisema.

“Imesema ‘msiiongeze’. Nani anayeongeza sasa hivi? Si mimi? Basi amesema na mimi.”

Hapo ndipo akili yangu, ambayo ndiyo kitu pekee nilichojivunia, ilipokataa kutulia. Barua ya mwanawe, yenye saini yake, alikuwa ameihukumu kwamba haina mdomo. Karatasi yangu ya ukutani, iliyopigwa chapa kwa ajili ya umma wa wilaya ya Rungwe, alikuwa ameihukumu kwamba ina mdomo, na mdomo huo umevunja mwiko. Karatasi ni karatasi, wino ni wino. Iliponifaa ilikuwa bubu, iliponidhuru ikapata ulimi. Nilisimama nikiupanga ukinzani huo kichwani kama ninayetayarisha somo, hoja ya kwanza, hoja ya pili, na kule Kitwe mume wangu alikuwa amekaa kando ya simu akiwa na sahani mapajani.

Nikasikia vitufe tena. Sifuri, sifuri, sifuri. Mbili, sita, sifuri. Akasita. Nilidhani amekubali. Kisha, taratibu, kwa kidole kilichobonyeza kwa nguvu kuliko mwanzo, sifuri.

Saa ya ukutani dukani ilikuwa imefika saa saba na dakika ishirini na mbili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumtuma mama aseme tumsubiri mwenye duka. Wazo hilo lilikuwa jepesi kuliko yote. Angerudi, angeketi, angepiga bila kuulizwa, kwa sababu ndiyo kazi yake, na baba angepokea simu kutoka kwa mwanamume mwenzake bila kupungukiwa na chochote. Wazo hilo lilinijia baadaye, nikiwa nimekwisha kusema.

Niligeuka. Nikaingia hatua mbili dukani, nikamwona kwa mara ya kwanza kutoka mbele, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mdogo kuliko mgongo wake. Nikasema, “Baba, ondoa sifuri. Ukiiweka haitaita mpaka kesho.”

Sauti yangu ilikuwa ile ya darasani. Hilo ndilo ninaloliona aibu hadi leo. Katika maneno ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kumwambia mtu huyo, nilimsemesha kama mtoto wa kidato cha kwanza aliyekosea kuhamisha tarakimu.

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Mke wa mwenye duka aliuacha mkono wake umenyooka na kitambaa juu yake. Baba hakuniangalia. Aliweka mkono wa simu mahali pake kwa uangalifu, akakunja barua, akavaa kofia. Kisha akasema na mama, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kikao:

“Mwambie hivi. Aliyeweza kusema nami bila mumewe, na Dar es Salaam ataiweza bila mumewe. Aende.”

Akatokea mlango wa nyuma, kupitia magunia ya mchele, ili asipite mahali niliposimama. Hata katika hasira alinitunzia mwiko.

Mama akanigeukia. Kwa mazoea yake alifungua mdomo anifikishie ujumbe, akatafuta jinsi ya kuulainisha, akakosa.

“Nimesikia, mama,” nilimwambia.

Nikaketi kwenye kile kiti. Kilikuwa bado na joto. Nikapiga: sifuri tatu, 260, mbili, na zilizobaki. Ikaita mara moja tu.

“Baba!” mume wangu alisema. “Shikamoo, baba.”

“Ni mimi.”

“Ah. Baba yuko wapi?”

“Ametoka.”

“Ametoka vipi? Mimi niko hapa tangu saa sita, hata ugali sijaumaliza. Simu ilisumbua?”

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema kwamba simu ilisumbua, laini ilikuwa mbovu, mvua inanyesha. Kila moja kati ya hayo lingekuwa na ukweli kidogo ndani yake, na Ijumaa iliyofuata tungejaribu tena. Lakini mimi ni mtu wa kueleza. Nikamweleza kuhusu sifuri, jedwali, mistari miwili, na nilichosema. Nilimweleza kwa mpangilio, na nilipofika kwenye ukinzani wa karatasi zile mbili nadhani hata nilitaka anipongeze.

Nilisikia nyundo ikigonga mahali fulani nyuma yake.

“Umesema naye,” alisema. “Kwa mdomo wako.”

“Alikuwa anakosea namba.”

“Sijakuuliza namba. Umemsemesha baba yangu dukani, mbele ya watu?”

“Muda ulikuwa unakwisha. Wewe ulikuwa unasubiri.”

“Ningesubiri!” Kisha akapunguza sauti, labda kulikuwa na watu ofisini. “Sikiliza. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kumwambia. Fundi mwenzangu amejifanya baba, mimi nikamwambia, baba, mwache mkeo, yaani mke wa mwanao, aende shule. Hata nikakosea maneno, wakanicheka. Nilikuwa naenda kusema ndiyo. Unaelewa? Sasa nikisema ndiyo, nimebariki ulilofanya.”

“Kwani ndiyo yako inategemea nini? Kama ilikuwa sahihi saa sita, ni sahihi na sasa.”

“Unaona?” alisema kwa uchovu. “Unaona unavyosema?”

“Chuo kinataka jibu mwisho wa mwezi.”

“Mwakani chuo kitakuwepo.”

“Na nafasi?”

Akasema, “Nipe mama.”

Mama aliushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili. Aliongea kidogo sana. Alisema “ee” mara nyingi, akasema mvua ni nzuri, akasema migomba iliangushwa na upepo lakini si yote, kisha akasikiliza kwa muda mrefu huku akinitazama, na mwishowe akasema “ndaga, mwanangu, ndaga fijo,” yaani asante sana, akanirudishia simu. Ilikuwa imekwisha kukatwa.

Mwenye duka aliingia saa nane kasoro robo, amevaa kanzu, akikung’uta mwavuli. Karakana ya Kitwe ilikuwa bado na robo saa ya mapumziko. “Vipi, mmempata?” aliuliza. “Namba ya Zambia ni nyepesi, shida yao ni ile sifuri tu.”

Nilijibu chuo siku ya Jumatatu kwamba nakuja. Wako watakaosema nilishinda, na baadhi ya wenzangu hapa bwenini wamewahi kuniambia hivyo, wakitaka kunitia moyo. Mimi najua nilichokwenda kukitafuta siku ile. Nilitaka niende kama mke wa mtu aliyemruhusu kwa mdomo wake, na nirudi likizo Ikuti niingie migombani nikisikia kikohozi. Nilichopewa ni neno lile lile, “aende”, kutoka kwa baba badala ya mwanawe, kwa maana nyingine kabisa. Wazee wa pande mbili walikaa. Sikuitwa, nilipelekewa matokeo tu: ndoa imekwisha.

Siku niliyoondoka, mama mkwe alikuja stendi ya Tukuyu alfajiri, peke yake, na kifurushi cha ndizi za mbalaga kilichofungwa kwa jani. Yeye alikuwa amezoea kubeba maneno ya wengine, na sasa hapakuwa na aliyemtuma.

Basi lilipowashwa, akatoa barua kwenye pindo la kanga. Ilikuwa imefunguliwa. Nikautambua mwandiko kabla sijaishika.

“Imekuja juzi. Baba yako amenisomea,” alisema. “Lakini namjua. Ananisomea nusu. Nisomee yote, ndiyo uende.”

Nilimwambia kondakta anisubiri kidogo. Nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya basi, nikiitafsiri kwa Kinyakyusa sentensi baada ya sentensi, polepole, kwa kuwa mama hapendi kusomewa haraka. Salamu za wazazi. Afya yake. Bei ya unga Kitwe. Kisha kwamba amelifikiria jambo lililotokea na anamwachia baba. Kwamba mama asikae peke yake nyumbani. Kwamba wakiona inafaa, wamtafutie yeye msichana wa kuoa, wa huko huko Ikuti au Kinyala, mpole, aliyesoma kiasi cha kumsomea mama barua, basi. Halafu salamu kwa kila jirani kwa cheo chake.

Sikuruka neno. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, sikio kwangu, kama anayesikiliza mahubiri.

“Hapo kwenye msichana,” alisema. “Baba yako hakunisomea hapo. Rudia.”

Nikarudia.